Ruhusa Ambayo Muthoka Musau Hakuirudisha

Marehemu Josphat Muthoka Musau alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Muthetheni, mtoto wa tatu wa hayati Musau na hayati Kamanthe, akasoma hapo hapo nyumbani kuanzia 1968, akafundisha hesabu kutoka 1984 hadi 1996, kisha akaajiriwa kiwandani EPZ Athi River kutunza kompyuta hadi alipostaafu mwaka 2013. Tarehe 12 Agosti 1989 alimwoa Mutanu, binti Ndeti, na Mungu akawajalia mtoto mmoja, Nzilani, aliyezaliwa 1991, ambaye baba yake alimfundisha kuandika programu kabla hajajua kusonga ugali.

Mwaka 2014 alimaliza programu ya kuhesabu dawa za zahanati, akaiita Kamanthe, jina la mama yake, akaitoa bure kwa leseni yenye sharti kwamba atakayeibadilisha na kuisambaza auweke wazi msimbo wote, yaani maandishi yanayoiunda programu, ili muuguzi wa mahali popote aweze kuirekebisha bila kumpigia mtu magoti. Ngui, aliyefanya naye kazi kiwandani miaka tisa na kula mezani kwake, alilijua sharti hilo.

Mwaka 2019 Ngui aliichukua Kamanthe, akalifuta jina, akaiunganisha na maktaba yake ya siri, yaani mkusanyo wa vipande vya programu ambao bila huo Kamanthe yake haikufanya kazi, akaanza kuziuzia zahanati. Alipoulizwa alicheka, akasema leseni yenyewe inaruhusu maktaba za mfumo zibaki zimefungwa, zile zinazokuja na kompyuta, na yake ni mojawapo. Muthoka hakubishana. Alikwenda Machakos mjini, akanunua kifurushi kimoja dukani kwa Ngui, akaomba risiti, akakuta programu na maktaba zimewekwa katika diski moja, na leseni inasema wazi kwamba ruhusa hiyo haipo pale maktaba inapotolewa pamoja na programu. Kwa kosa hilo haki ya Ngui ya kuisambaza Kamanthe ilikoma, na Muthoka peke yake ndiye angeweza kuirudisha. Diski na risiti alizifungia kabatini, barua za kueleza kwamba Ngui hana tena haki hiyo akazipeleka kwa mkono zahanati moja baada ya nyingine, na wateja wakaanza kuondoka.

Januari 2024 aligunduliwa kuwa na saratani ya ini. Mwezi wa Mei Ngui alifika wodini na machungwa, akasema, "Mwalimu, nirudishie ruhusa tu, tuyazike haya mambo."

Muthoka akamjibu, "Fungua msimbo kwanza, na jina la mama ulirudishe."

Ngui akasema atafikiria. Machungwa yaligawiwa wagonjwa wengine. Muthoka alifariki Jumapili, tarehe 2 Juni 2024, saa nne asubuhi, mkewe na bintiye wakiwa kando yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliochimba kaburi, na wenzake wote wa kiwandani isipokuwa mmoja, aliyeketi safu ya tatu, ambaye shada lake la maua limebaki getini. Ajue kwamba sheria inailinda kazi ya mwandishi kwa miaka hamsini baada ya mwaka aliofariki, yaani hadi tarehe 31 Desemba 2074, na kwamba haki hiyo, pamoja na ile diski, sasa ni mali ya Nzilani, ambaye kwa kuweka mambo moyoni amemshinda baba yake.

Pumzika kwa amani, Muthoka. Kutosamehe tuachie sisi.