Pikapu Yenye Minyoo

Kwenye basi la asubuhi nilikaa nyuma ya wanaume wawili wasiojuana. Mmoja alikuwa fundi gereji, kucha zimejaa grisi. Mwenzake, muuza magodoro, alikuwa akimlilia kuhusu pikapu yake kuukuu aliyoiacha nyumbani.

"Inakula mafuta, kaka, utadhani ina minyoo! Nimebadilisha plagi, nimesafisha kabureta. Wapi!" Fundi akauliza habari ya chujio la hewa. "Jipya." Na upepo wa matairi? "Najaza kila wiki, lakini ya nyuma yanalala tu."

Fundi akatega sikio, kama daktari aliyesikia kikohozi. "Nyuma unabeba nini?"

"Magodoro. Mzigo mwepesi kuliko usingizi wenyewe."

"Hayo tu?"

"Hayo tu. Na vitu vya mama mkwe, huko chini ya magodoro. Kabati la mbao ngumu na mashine ya kusaga." Aliitaja mashine ya kusaga kama mtu anayetaja leso.

"Tangu lini?"

"Tangu alipohama, mwaka jana. Nilimwahidi nitampelekea."

"Basi mpelekee, ndugu yangu! Ugonjwa wenyewe ndio huo."

Muuza magodoro akamtazama kwa huruma. "Nimpelekee kwa mafuta gani? Si ndiyo nakwambia gari linakula?"

Basi likasimama. Fundi akashuka akitikisa kichwa, na nina hakika kile hakikuwa kituo chake. Mwenzake akanigeukia mimi. "Umemsikia? Eti fundi! Gari linaumwa mbele, yeye anauliza ya nyuma."