Shakila Awadhi, Aliyeokota Peke Yake

Ndugu waombolezaji, asalaam alaykum, kabla hatujamtoa ndani kwenda kuswaliwa familia imenituma mimi Salimu, mtoto wa kaka yake, niwasomee njia aliyopita shangazi yetu hapa duniani.

Marehemu Shakila Awadhi alizaliwa tarehe 12 Machi 1958 huko Narung'ombe, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1967 hadi alipomaliza darasa la saba mwaka 1973, na tarehe 20 Agosti 1976 akaolewa na marehemu Ismaily Mustafa, mkulima wa korosho wa hapa Matambarale, wakajaliwa watoto wawili, Faridi na Samia.

Mwaka 1984 walihamia Nachingwea mjini, akawa anakaanga bagia sokoni, na walionunua kwake wanajua kwamba ulimi wake ulikuwa mkali kuliko pilipili yake, lakini foleni haikukatika. Walirudi Matambarale mwaka 2010, akaendelea na bagia zake kwenye gulio, akizifunga kwenye mifuko ya plastiki ya rambo kama wauzaji wote, na mifuko ikipeperuka kama ya wote. Mumewe alifariki tarehe 4 Februari 2012, watoto wakiwa wameshakwenda kujitafutia maisha, akabaki na mbuzi wake.

Mwaka uliofuata mbuzi hao walivimba matumbo wakafa, na walipopasuliwa yakatoka mabonge ya mifuko, mingine ingali na mafuta ya bagia. Hakumlaumu mtu, ila tangu siku hiyo alifunga bagia kwa karatasi, na kila gulio lilipovunjika alizunguka na gunia lake akiokota, kisha akashuka mpaka kijitoni tunakochota maji. Serikali ilipopiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2019 alishangilia akidhani kazi imekwisha, kumbe chupa za maji na soda zilikuwa njiani zinakuja.

Ukweli usemwe, kazi hiyo ilimtenga na watu. Mwaka 2016, kwenye sherehe ya mwali kwa jirani, alianza kuokota vikombe vya kutupa wakati ngoma bado inalia, mwenye shughuli akaona ameitwa mchafu mbele ya wageni wake, na kuanzia hapo kadi za mialiko zikawa zinaruka nyumba yake. Hakuhitaji kadi, alihitaji mtu wa kushika upande wa pili wa gunia. Kila Ijumaa alipita akibisha hodi, kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, nasi tukamjibu tutakuja, Bibi, tutakuja, naye akatangulia kijitoni akasubiri, akageuka kutazama njia, kisha akainama peke yake. Jioni alikula peke yake pia, na upweke ule ulimuuma, maana alikuwa mtu wa kupenda maneno na hakuwa na wa kumwambia.

Mwaka 2024 alianza kusumbuliwa na shinikizo la damu, baadaye figo, akalazwa Ruangwa, na siku zake za mwisho alikuwa akimuuliza Samia kama kuna aliyekwenda kijitoni. Samia alimjibu kwamba wamekwenda watu wengi, wake kwa waume, akasema basi vizuri, akafumba macho, na Jumanne tarehe 9 Septemba 2025 akafariki dunia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotuletea kuni na unga, wauza bagia wenzake, na watani wetu wa Nachingwea, ambao leo asubuhi wamekuja na desturi yao, wakamwaga chupa tupu uani huku wakimwita, Shakila, inuka uokote, bi mkubwa, uwanja umechafuka. Tukacheka, maana mtani ana haki yake msibani, wakamwita tena, tukawa tunautazama mlango, kisha kicheko kikaisha. Chupa zile zingali pale uani, mmezikanyaga wakati mnaingia, na mpaka hivi ninavyosoma hajainama mtu.

Shangazi, Mwenyezi Mungu akupe kauli thabiti na akulaze palipo safi. Pumzika kwa amani, hatukuja.