Dhahabu Nyekundu ya Binti wa Sonara

Benchi letu liko kati ya duka langu na la kinyozi. Wa kudumu tuko watatu: Wembe, ndiye kinyozi, Waya, fundi umeme ambaye hajawahi kuitwa mara mbili na mteja mmoja, na mimi, Sonara, miaka thelathini kwenye dhahabu na akili ya mtoto wa miaka mitatu. Mwaka jana binti yangu aliniletea kichupa cha maji mekundu kutoka maabara ya chuo chao, akasema ndani mna dhahabu. Nikadondosha tone kwenye jiwe langu la kupimia, nikasugua, nikamtangazia mbele ya wateja kwamba katapeliwa. Akafunga kichupa chake akaondoka, na tangu siku hiyo hazungumzii kazi yake nyumbani. Jana kaniletea karatasi: kesho saa nne anatetea utafiti wake mbele ya maprofesa. Chini kaandika, "Kama una nafasi, Baba." Hiyo "kama" nimeisoma mara kumi. Kesho sitaki kukaa pale kama gogo.

— Soma tena, akasema Waya.

Nikasoma: "Chembe inayotoa mwanga ikikaa karibu na punje ya dhahabu isiyoonekana kwa macho, huwaka zaidi na upesi zaidi. Ikisogea karibu mno, dhahabu huumeza mwanga."

— Rahisi, akasema Waya. Dhahabu ni antena. Redio yangu bila antena inakoroma, nikiichomeka, inatangaza.

— Na ikisogea mno? nikauliza.

— Shoti.

— Kwako kila kitu shoti, akasema Wembe. Hata ndoa yako ulisema shoti.

— Nayo ilikuwa shoti.

Wembe akaweka kikombe chini.

— Dhahabu ni kioo. Mteja akikaa mbali na kioo changu, kanuna. Nikimsogeza, anatabasamu. Akibandika pua, anaona chunusi zake, anazima.

— Na hiyo "upesi zaidi"? nikauliza.

— Haraka haraka haina baraka.

— Wembe, hapa haraka ndiyo inayotafutwa.

— Ndiyo maana wahenga walikataza. Walishajua.

Waya akatikisa kichwa, akajimiminia kahawa.

— Sikilizeni. Dhahabu inakula mwanga, karatasi imesema. Na kikulacho ki nguoni mwako. Sasa Sonara, umeinamia dhahabu miaka thelathini. Unadhani nywele zako zilikwenda wapi?

Wembe akanikagua kichwa kitaalamu, akaafiki. Nami, Mungu anisamehe, nikajipapasa upara na kuanza kuamini.

— Nywele ziacheni, nikasema. Kwa nini nyekundu? Mimi dhahabu ikinionyesha wekundu, najua ina shaba. Ile ya kichupa haikuacha hata alama kwenye jiwe.

— Labda iliona haya, akasema Wembe. Imepimwa mbele za watu.

Hatukucheka. Yeye mwenyewe alionekana kujutia kinywa chake.

Mama mmoja aliyeleta pete ipunguzwe alikuwa kasimama mlangoni kwangu muda wote huo, mkoba begani, akitusubiri tumalize sayansi.

— Samahani, baba, akasema. Huyo binti mwenyewe, ukimuuliza, anasemaje?

Waya akachungulia kikombe chake. Wembe akakumbuka ana taulo za kuanika, lakini hakunyanyuka. Mimi nikarudi nyuma mwaka mzima, halafu miaka minne yote aliyosoma kule chuoni. Nilimshauri avae sweta. Nilimshauri abadilishe somo. Kumuuliza, sikuwahi.

Nikatoa simu nikampigia hapohapo, mama wa pete akinitazama. Iliita mara moja tu.

— Baba? Nani amefariki?

— Hakuna, mwanangu, nikasema. Nina swali.