Bi Nakala na Talaka Zisizo na Ugomvi

Wasikilizaji wapendwa, aliye jikoni apunguze moto, na aliye na kelele azipunguze pia. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyetutoka Jumatatu iliyopita, akiwa na miaka sabini na minne. Watu walimwita Bi Nakala. Wengi wenu mmepita mezani pake, na baadhi yenu hamtaki ijulikane. Msijali. Hatutaji mtu.

Bi Nakala alikuwa karani wa masjala ya mahakama kwa miaka thelathini na mmoja. Masjala ni pale dirishani unapopeleka karatasi zako kabla hujamwona hakimu. Miaka thelathini na mmoja alizipokea, akazigonga muhuri, na zilizokosewa akazirudisha. Jina alilipata hapo hapo. Ukija na nakala moja anakuuliza, "Na ya mwenzako iko wapi? Na ya kwenye faili? Au hakimu atasoma hewa?"

Alipostaafu hakukubali kukaa nyumbani. Alikodi chumba mkabala na lango la mahakama. Meza, taipureta, viti vitatu, na mlango wa kijani uliokuwa ukikwama. Kazi yake ilikuwa moja: kuwasaidia watu kuelewa karatasi za talaka isiyopingwa. Yaani mke na mume wamekubaliana kuachana, na hakuna anayebisha.

"Dirisha lile lilimuumiza mama," anasema binti yake, ambaye ni mkunga. "Aliniambia, mwanangu, nimewarudisha watu miaka yote hiyo, na foleni hainipi nafasi ya kuwaeleza wamekosea wapi. Sasa nitaeleza mpaka wachoke wao."

Akaeleza kweli. Kwanza ombi lenyewe, la kusema unataka nini na kwa sababu gani. Cheti cha ndoa, kile halisi, "si picha ya kwenye simu". Kiapo kwamba uliyoandika ni kweli. Uthibitisho kwamba mwenzako amepelekewa ombi, na jibu lake kwamba hapingi. Kisha makubaliano: mali inagawanywaje, na watoto wataishije. Hayo makubaliano, wasikilizaji wapendwa, ndiyo yaliyorudishwa kuliko karatasi nyingine zote.

Mshonaji mmoja ametupa ruhusa tusimulie yake. Ni miaka kumi na mitatu sasa. Alifika kwa Bi Nakala pamoja na mumewe, mchomeleaji wa vyuma. Walikuwa wameishi mbalimbali mwaka mzima bila kutukanana hata siku moja. Lakini karatasi zao zilikuwa zimerudishwa mara mbili.

"Mama, sisi hatuna neno," akasema mchomeleaji. "Tunataka muhuri tu."

"Muhuri haukimbii. Mna mtoto?"

"Tunaye. Binti, miaka sita."

Bi Nakala akavaa miwani, akasoma walichoandika. Kuhusu mtoto, tumekubaliana. Maneno matatu, basi.

"Mmekubaliana nini?"

"Si tumekubaliana tu, mama," akajibu mshonaji.

"Hiyo 'tu' siwezi kuipiga chapa."

Akampa kila mmoja karatasi tupu. Mke akaelekea dirishani, mume akaelekea ukutani. "Andikeni Jumanne mtoto anaamka nyumba gani, nani anampeleka shule, nani anamchukua. Akiugua, nani anasaini hospitali. Na msichunguliane, mmeshakua."

Alipomaliza kuzisoma alizilaza mezani, moja kando ya nyingine. Ya mke ilisema: anaamka kwangu. Ya mume ilisema: anaamka kwangu.

"Kwako wapi?" mshonaji akageuka. "Kwenye kile chumba chenye mitungi ya gesi?"

"Na kwako je? Alale juu ya pini na vitambaa?"

"Angalau mimi napika!"

"Unapika? Nimekula kwako miaka minane, usiniambie mimi."

Mchomeleaji akainuka. Anakwenda kutafuta wakili, akasema, na wataonana mbele ya hakimu. Akausukuma mlango. Ukakwama.

"Huo unavutwa," akasema Bi Nakala, bila kupandisha sauti. "Lakini kabla hujauvuta, nisikilize. Nyinyi hamkuwa mmekubaliana. Mlikuwa mnanyamaziana. Ukitoka hapo, hii si talaka isiyopingwa tena, ni kesi. Na kesi ya mtoto huijui wewe, mimi ndiye niliyekuwa nikiyabeba mafaili yake. Meno ya utotoni yatang'oka na mengine yataota, bado mnaahirishiwa tu."

Wanasema fahali wawili wakipigana, ziumiazo nyasi. Bi Nakala alikuwa na nyongeza yake: hata wakipishana kimya kimya, nyasi zinakanyagwa.

Mchomeleaji akarudi kitini. Bi Nakala akawaambia wageuze karatasi. "Sasa andikeni jambo moja la mtoto ambalo mwenzako halijui."

Mshonaji aliandika kwamba binti akilala chali hukohoa mpaka asubuhi, ni lazima alazwe ubavu. Mumewe aliandika kwamba mtoto anajua kusoma tayari.

Mshonaji alikisoma kile kijistari mara mbili. "Anajua kusoma? Tangu lini?"

"Tangu likizo iliyopita. Aliniapisha nisikwambie. Anaogopa utaacha kumsomea."

Pale mshonaji alilia na kucheka kwa pamoja. Bi Nakala akaingiza karatasi kwenye taipureta.

Siku za shule kwa mama, kwa kuwa shule iko karibu. Ijumaa jioni hadi Jumapili kwa baba, na mitungi ya gesi ihamishwe kabla ya usiku wa kwanza. Hospitali asaini yeyote aliye karibu. Kurasa mbili na nusu, nakala tatu. Hakimu alizisoma, akauliza swali moja, akatoa talaka.

Hakuwa malaika, tusidanganyane. Ulimi wake ulikuwa mkali. Kaka yake mwenyewe alipomfuata amsaidie kumwacha mkewe, ambaye hata hakuwa ameambiwa, alimrudisha mlangoni. "Kaka, hapa ni zisizopingwa. Ya kwako inapingwa mpaka na majirani." Kaka huyo bado yuko na mkewe. Wote wawili walikuwepo mazikoni, na aliyelia zaidi ni mke.

Jana binti wa mshonaji alifika hapa studioni. Ana miaka kumi na tisa. Alikataa kiti, akasema ana jambo fupi. "Nimekuwa na vitanda viwili tangu nina miaka sita. Na katika nyumba zote mbili, hakuna aliyewahi kuniuliza nampenda nani zaidi."

Kwa mkunga, binti wa marehemu, kwa wajukuu wake wawili, na kwa kaka yake na shemeji yake, tunasema poleni sana. Mungu awape subira, naye amlaze mahali pema.

Na wewe unayesema kwenu mambo ni shwari kwa sababu hakuna anayepiga kelele, keti na mwenzako leo. Muulize lile swali unaloliogopa. Halafu nyamaza, umsikilize mpaka amalize.