Sindano ya Huruma ya Jotham Mukhisa

Tarehe 31 Machi 1955 Bwana Jotham Mukhisa atavua koti lake jeupe baada ya miaka ishirini na minane ya udresa, yaani kusafisha na kufunga vidonda, sita ya kwanza kule Bungoma na iliyobaki hapa hospitalini kwetu, Kitale. Walioniagiza niandike wasifu huu walinionya nisimtanie mzee. Nimejaribu, imenishinda.

Jotham alianza kwa kufua bandeji na kuchemsha vyombo. Huimba nyimbo za kanisani kwa sauti kubwa isiyo nzuri, na nashuku wapo wagonjwa waliopona upesi ili wakapumzike kwao. Lakini mkono wake ni mwepesi. Sindano yake ya ganzi ilisifiwa mpaka Saboti na Ndalu, na watu walikuja na kuku kwapani wakimtaka yeye. Naye alizipenda sifa hizo, tuseme ukweli.

Ndizo zilizomponza mwaka 1946. Kipketer, seremala katika shamba moja la Saboti, alijikata kwa patasi, akaja mkono wa kulia umevimba hadi kwenye kiwiko. Alikuwa tayari anameza vidonge vya salfa, dawa ya kuzuia vijidudu, alivyopewa shambani. Alipoulizwa kama anatumia dawa yoyote, akajibu, "Mimi hapana meza kitu, bwana dresa." Aliogopa, kama wengi wetu huku, kwamba akitaja dawa ya kwingine ataambiwa arudi huko huko. Basi kila asubuhi Jotham alimdunga ganzi kuzunguka kidonda kabla ya kukisafisha. Kipketer hakusikia maumivu, ila usaha ulizidi, mpaka daktari akaanza kuzungumzia kuukata mkono. Seremala, tena mwenye watoto wadogo!

Siku moja mkewe, Jerop, alileta uji, na mbele ya Jotham akamkumbusha mumewe ameze vidonge vyake. Jotham alikimbia kumwita daktari. Ndipo daktari akatueleza kwamba ganzi ile ikivunjikavunjika mwilini huacha kitu kinachowalisha vijidudu, na salfa hushindwa kuwazuia. Sindano ya huruma ilikuwa inavifanya vidonge kuwa unga mtupu. Jotham alilia waziwazi wodini, na kwa hilo simtanii.

Ganzi ikaachwa, vidonge vikaendelea. Kidonda kilisafishwa kwa dawa ya kupuliza inayogandisha ngozi, ambayo haiondoi maumivu yote, Kipketer akiuma blanketi na Jotham akimshika bega na kumwomba radhi. Polepole uvimbe ukashuka.

Tangu hapo Jotham hajamdunga mtu kabla ya kumuuliza anayempikia kama kuna dawa anayomeza, maana mgonjwa anaweza kumficha dresa vidonge, lakini si mwenye sufuria. Wauguzi wote aliotufundisha tunauliza vivyo hivyo, na kila mgeni kazini husimuliwa kosa hilo na Jotham mwenyewe, bila kulipunguza hata kidogo. Tunampenda kwa hilo kuliko kwa wepesi wa mkono wake.

Asante, Jotham. Tutakukosa sana, hata kuimba kwako. Nenda kapumzike kwenu Ndalu kwa amani, ule mahindi yako na ulale usingizi mnono. Ukiona nyumba yako mpya bado haijakwisha, usinung'unike: Kipketer yuko juu ya paa wiki hii, misumari mdomoni, nyundo mkono wa kulia.

Chemutai, muuguzi, wodi ya wanaume