Anayemfunga Lea Akae Naye

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka Praxeda Ernesti, aliyekuwa akianika katani katika shamba moja karibu na Pangani. Alifariki Jumanne iliyopita, kwa homa. Mnanijua, mimi si mtu wa kupamba marehemu. Nitasema alichofanya, basi.

Praxeda aliolewa na Fanueli mwaka 1953. Kazi ya Fanueli ni kufunga marobota ya katani. Siku alipoingia nyumbani, Praxeda alimkuta wifi yake, Lea, amefungwa mguu kwa kamba kwenye tendegu la kitanda. Lea hasemi, tangu kuzaliwa. Wakati huo alikuwa na miaka ishirini. Alikuwa amefungwa hivyo kwa miaka miwili, tangu mama yao alipofariki.

"Si ukatili, mke wangu," Fanueli alimwambia. "Kila asubuhi anakimbilia relini. Behewa la katani nusura limsage."

Praxeda hakubisha, maana reli ilikuwepo kweli. Alitoa sharti moja. Narudia, wasikilizaji, sharti moja tu: anayemfunga Lea akae naye mpaka amfungue.

Fanueli alicheka. Fundi wa mafundo, aambiwe alinde fundo lake! Lakini Jumatatu alimfunga, akaketi. Akaona kidonda chini ya kamba. Hakuwahi kukiona, kwa kuwa siku zote alifunga alfajiri akaondoka. Kisha kengele ya kazi ikalia. Lea akainuka, kamba ikakaza, akanyoosha mkono kuelekea mlangoni, kiganja wazi.

"Hapo nikamkumbuka mama," Fanueli anatuambia. "Kengele ikilia alimshika Lea mkono, wakaenda wote kuanika. Kumbe mdogo wangu alikuwa anavuka reli kwenda kazini, na mimi namfunga!"

Tangu hapo, kengele ikilia, Praxeda alimshika Lea mkono. Siku ya kwanza Lea alimng'ata. Siku ya nne alianika. Kamba haikutupwa papo hapo. Mwaka uliofuata alifungwa mara mbili, na mara zote mbili mtu aliketi naye. Baada ya hapo, hakufungwa tena.

Praxeda alizikwa Jumatano. Alhamisi kengele ililia. Lea akasimama mlangoni, kiganja wazi. Majirani wakasema afungwe, misiba isije ikawa miwili. Fanueli akainuka mkekani, akamshika mkono, wakaenda.

Pole zetu zimfikie Fanueli. Zimfikie na Lea pia, kwani wengi waliofika msibani walimpita bila kumpa mkono. Na wewe unayetusikiliza, kama nyumbani kwako kuna kamba, leo keti karibu nayo kidogo.