Pankajakshi, Sikio la Chumba cha Mafuta

Tarehe 31 Mei, Dada Pankajakshi anastaafu baada ya kuhudumu miaka thelathini na minne katika chumba cha mafuta cha Kituo chetu cha Tiba Asili, Vellimala. Wagonjwa wengi hawamjui kwa sura. Migongo na magoti yao yanamjua vizuri sana.

Alianza kwa kuponda mizizi, akapandishwa kuwa mkorogaji wa mwiko, hatimaye akakabidhiwa masufuria yote. Mafuta ya ufuta, mchemsho wa mizizi na majani yaliyosagwa huchemka pamoja kwa moto mdogo mpaka maji yaishe. Kujua kama yameisha ndiyo kazi yenyewe: unachota makapi, unayaviringisha kama utambi, unautia motoni. Ukilia kwa mipasuko, maji bado yamo, na mafuta yenye maji huchacha chupani. Ukiwaka kimya, chuja haraka.

Hapo ndipo tulipoonja ukali wake. Utambi ukiingia motoni, ole wake atakayekohoa. Meneja wetu, Bwana Raghavan, aliwahi kuingia akiongea kwa simu na mama mkwe wake. Simu ikanyakuliwa, ikatumbukizwa kwenye gunia la mizizi. Inasemekana mama mkwe aliendelea kuongea humo humo bila kugundua.

Hakuwa malaika. Mwaka mmoja, karibu na Onam, sikukuu ya mavuno, mpishi wetu Sulochana alikuwa akikaanga mbegu za haradali nyuma ya ukuta. Dada akasikia mipasuko, akaamini utambi unalia, akaendelea kupika. Mafuta ya matone ya pua yakaiva kupita kiasi, yakabaki kufaa kuchulia miguu tu.

“Haradali yako imeniumbua!” akafoka.

“Na wewe, masikio gani hayo yanaingia hadi jikoni kwangu?”

Wakanuniana mpaka sikukuu yenyewe.

Mwaka huu, mwezi wa Februari, utambi ulilia kwa mipasuko mbele yetu sote, naye akanyoosha mkono kuchukua kitambaa cha kuchujia. Msaidizi wake, Rajitha, akamzuia.

“Dada, utambi bado unalia.”

Tukanywea. Angeweza kubisha, na nani angethubutu kumpinga? Akaurudisha mkono.

“Basi sikio langu limestaafu kabla yangu,” akasema, akacheka, kisha akatokwa na machozi. Tulilia naye. Siku hiyo hiyo alikwenda mwenyewe kwa Bwana Raghavan kuomba Rajitha arithi kazi.

Jumatatu iliyopita alipika sufuria yake ya mwisho. Rajitha alitia utambi motoni, akainama, akasikiliza.

“Tayari, dada.”

Pankajakshi, ambaye hakuwahi kumwamini mtu bila kuchoma utambi wa pili, alishika pembe mbili za kitambaa, akampa Rajitha nyingine mbili, wakaanza kuchuja.

Asante, dada, kwa kila mgongo ulionyooka. Tunakutakia afya, usingizi mnono na mapumziko marefu. Na safari hii, tafadhali, kubali kuchuliwa wewe.